Watani wa Serikali

Nchi ninayoisimulia haina jina. Siifichi, ni kwamba kamati ya kuipa jina iliundwa mwaka tulioshusha bendera ya Waingereza, na bado haijamaliza vikao. Kwenye stempu zetu tumeandika "Nchi" tu, na barua hufika, ingawa nyingine hufika nchi nyingine.

Mimi ni dobi. Nimenyoosha nguo za watu wa mji wa Stesheni kwa miaka ishirini na mitatu. Nitaeleza mambo kwa mpangilio yalivyotokea, bila kumlaumu mtu, kwa sababu kila niliyemuuliza alinionyesha karatasi iliyomwagiza.

Mji wetu ulijengwa na reli. Watu wa makabila mawili waliletwa kulaza mataruma, na makabila hayo yalikuwa watani tangu zamani. Kwa msomaji ambaye kwao hakuna jambo hili, nieleze. Mtani ni mtu mwenye ruhusa ya kukusema vibaya mbele ya mkweo, kuchukua kuku wako bila kuuliza, na kukuambia ukweli kuhusu pua yako. Huruhusiwi kukasirika. Siku ukifa, ndugu zako hukaa chini wakalia, na yeye ndiye anayefanya kazi. Anachimba, anabeba, anapika, na muda wote anakusimanga wewe marehemu mpaka waliofiwa wacheke. Wakishacheka, msiba umefungwa na watu wanaweza kurudi kazini. Wasipocheka, msiba unabaki wazi.

Wajukuu wa watu wale wa reli walisahau lugha za babu zao, lakini utani walibaki nao. Walichokosa ni cha kutaniania. Mambo ya makabila yenyewe walikuwa hawayajui tena. Ndipo likaja belo.

*

Lilikuwa belo la mitumba kutoka misheni moja ya Uingereza. Juu palikuwa na suti nyembamba za vifungo vitatu, mashati ya kola ndogo, na makoti marefu ya kijani ya jeshi. Chini palikuwa na majaketi meusi ya ngozi yenye zipu nyingi kuliko mifuko, na buti nzito. Buti zilikuwa zimefungwa kwa kurasa za gazeti la picha.

Kurasa hizo zilionyesha vijana wa Kiingereza wa makundi mawili. Kundi moja liliitwa Modi. Hao walivaa suti na kupanda skuta zenye vioo vingi vya pembeni. Kundi la pili liliitwa Roka. Hao walivaa ngozi, wakapaka nywele mafuta, wakapanda pikipiki kubwa. Picha iliyokuwa kubwa kuliko zote ilionyesha makundi hayo yakikimbizana kwenye mchanga wa pwani na kurushiana viti vya kukunja, huku wazee wenye kofia wamekaa kimya, blanketi magotini, wanatazama maji.

Vijana wetu wawili waliitazama picha ile mezani kwangu, juu ya shuka nililokuwa nikinyoosha. Mmoja alikuwa Lufunga, karani wa tiketi pale stesheni, mtoto wa pekee wa Bi. Nyamizi. Mwingine alikuwa Sadala, fundi wa pikipiki. Babu zao walitoka yale makabila mawili.

"Hapa pana msiba," Lufunga alisema. "Waone wazee walivyokaa."

"Marehemu yuko wapi?"

"Ameshazikwa. Sasa wanafukuzana, waliofiwa wacheke."

"Na askari hawa je?"

"Wewe umewahi kuona msiba wenye chakula ukakosa askari?"

Sadala aliisogeza picha karibu na macho. "Basi hawa wa ngozi ndio wanaozika. Wana sura ya kazi."

"Ninyi hasa. Sura ya kazi na harufu ya kazi."

"Na ninyi mchukue suti. Mmezoea kukaa dirishani kama picha ya harusi."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Hakuna kikao kilichoitishwa. Waliotokana na babu wa upande mmoja wakawa Wamodi, wa upande mwingine wakawa Waroka. Posta ilipouza vespa zake chakavu, Wamodi walizinunua wakazibandika vioo vya kunyolea. Polisi walipopunguziwa mafuta na kurudi kwenye baiskeli, Waroka walichukua pikipiki zao. Wakatembea hivyo chini ya jua letu, wengine katika koti la jeshi, wengine katika ngozi, wakitoka jasho kwa usawa.

Muziki nao uligawanyika. Katika Baa ya Reli palikuwa na gramafoni moja. Wamodi walipenda santuri zenye tarumbeta, za kuchezea kwa miguu midogo midogo. Waroka walipenda gita linalopiga kelele. Walipeana zamu, wimbo kwa wimbo, na aliyesubiri zamu alikuwa na kazi ya kuukashifu wimbo wa mwenzake.

"Huyu anaimba au amekanyagwa?"

"Afadhali yeye. Wa kwenu anashuka ngazi na masufuria."

Lufunga na Sadala walikuwa wabaya kuliko wote. Vespa ya Lufunga ilikuwa ikitengenezwa na Sadala, bure, na kila ilipotengenezwa Sadala aliitukana barabara nzima isikie. Aliiita birika. Aliiita mbuzi wa Posta. Lufunga alikaa kwenye kigoda, suti yake haina kunyanzi, kwa sababu niliinyoosha mimi, na alijibu bila kuinua sauti. Sijawahi kuona vijana wawili wanaoelewana vizuri zaidi.

*

Waziri wa Utulivu alipita mjini kwetu siku moja kwa gari. Vioo vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Aliona Wamodi upande mmoja wa barabara na Waroka upande wa pili, midomo yao wazi, vidole vyao vikinyooshwa. Hakusikia maneno. Alirudi makao makuu akahutubia taifa kwa dakika tisini.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "nchi ambayo bado haina jina haiwezi kuvumilia vijana wenye majina mawili. Tumeona. Tumesikitika. Tutachunguza, na baada ya kuchunguza tutaona tena."

Kwa kuwa makundi yalitoka Uingereza, ilionekana ni busara kuleta mtaalamu kutoka huko. Alikuja Bwana Pilling, mzee mpole mwenye kovu juu ya jicho. Ujanani mwake alikuwa Modi, na kovu lile alilipata pwani, kwa kiti cha kukunja. Aliniletea mashati yake kila Jumatatu na kunishukuru kwa mikono miwili. Alitembea na fomu za maswali na mkalimani wa Wizara.

Nilikuwepo alipomhoji Lufunga. Alimuuliza kama anawachukia Waroka.

"Sana," Lufunga alijibu. "Hasa Sadala. Ananuka dizeli hadi kanisani."

Je, Sadala akifa, atafanya nini?

"Nitakula kwao siku tatu. Nitavaa jaketi lake nitembee mtaani kama yeye, miguu nje, hadi mama yake akome kulia."

Mkalimani alitafsiri kila neno. Yeye pia alikuwa na watani wake kwao, na alijua vizuri kilichosemwa, lakini mkataba wake ulikuwa wa kutafsiri maneno. Bwana Pilling aliandika kwa muda mrefu. Kisha alivua miwani na kusema jambo ambalo halikuingia kwenye ripoti. Mkalimani aliniambia baadaye. Alisema kwao walipigana hadi damu, na kwa miaka yote hii hajaweza kukumbuka kwa nini.

Ripoti ilikuwa na kurasa mia tatu. Ilisema makundi haya ni maadui kwa asili yao, na yasipotenganishwa yatauana.

*

Sheria ya Kutenganisha Makundi ilitangazwa mwezi wa sita. Kila kijana alisajiliwa kwa nguo alizokutwa nazo. Modi na Roka hawakuruhusiwa kukaribiana chini ya hatua mia moja, na kwa kuwa hatua hutofautiana, hatua iliyotumika ilikuwa ya Mkuu wa Wilaya, iliyopimwa na kutundikwa kwenye fremu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa mji ulikuwa wa Wamodi. Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ulikuwa wa Waroka. Jumapili wote walibaki ndani kumshukuru Mungu kwa utulivu. Kwa shida maalumu, kama kwenda kazini au hospitali, mtu aliweza kupita siku isiyo yake, mradi hatua mia zihesabiwe.

Gramafoni ya Baa ya Reli iligawanywa kwa haki. Wamodi walipewa santuri zote, Waroka wakapewa sindano. Tangu hapo baa ilikuwa kimya, na wageni kutoka Wizarani waliusifia ukimya ule.

Vifungu vya mwisho vilihusu ufundi. Roka hakuruhusiwa kugusa chombo cha Modi, asije akakihujumu. Serikali haikuwaacha Wamodi bila fundi. Iliwateulia Mzee Chambuso, fundi saa, kwa sababu skuta ni kitu kidogo. Lufunga alipompelekea vespa inayolia ikishikwa breki, Mzee Chambuso aliziangalia breki kwa kile kioo chake cha jichoni, akazipuliza vumbi, akasema ni safi kabisa. Kwa kadiri ya utaalamu wake, hakusema uongo.

Sadala alizisikia breki zile kutoka gereji kwake, ng'ambo ya mstari wa chokaa ambao polisi waliuchora kutenganisha makundi. Fundi husikia. Siku ya kwanza alitoka nje akapiga kelele:

"We tiketi! Birika lako linalia! Usishuke nalo Mlima wa Tangi!"

Lufunga aliinua kofia yake. "Linakulilia wewe, yatima wa dizeli!"

Siku ya pili alipiga kelele tena. Siku ya tatu alikuja hadi kwenye mstari, akashika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Lufunga, sitanii." Lakini hilo ni neno ambalo mtani mzuri husema kila siku, na Lufunga alicheka hadi akalazimika kusimamisha vespa kwa miguu. Koplo Mnubi, aliyelinda mstari, aliandika daftarini kwamba Roka mmoja ametoa vitisho mara tatu dhidi ya chombo cha Modi. Siku ya nne Sadala aliitwa kituoni kuonywa. Alikuwa bado anatia saini onyo hilo, asubuhi saa mbili, Lufunga aliposhuka Mlima wa Tangi kwenda kazini.

Ukuta wa ghala la pamba uko mwisho wa mteremko ule. Nilimpokea Bi. Nyamizi pale. Suti ilikuwa ya kijivu, niliyoinyoosha jana yake.

*

Bi. Nyamizi hakuomba mengi. Alitaka Sadala amzike mwanawe. Alinichukua nimsindikize kwa Mkuu wa Wilaya, Bwana Evarist, ambaye alisimama alipomwona.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, baba. Nimekuja kumwomba mtani wa mwanangu."

Mkuu wa Wilaya alitazama ripoti mezani. Ilikuwa nzito, na aliitumia kuzuia mlango usijifunge, lakini siku hiyo ilikuwa mezani.

"Mama, mimi mwenyewe baba yangu alizikwa na watani. Walivaa kofia yake, wakakohoa kikohozi chake. Nilicheka hadi nikakaa chini."

"Basi unajua."

"Najua. Lakini ripoti haijui, na mimi nafanya kazi chini ya ripoti."

Alitafuta njia, nilimwona. Alifungua droo tatu. Mwishowe alipata fomu ya Kibali cha Kukaribiana. Ilitaka saini mbili, ya Roka anayekaribia na ya Modi anayekaribiwa.

"Huyu anayekaribiwa ni marehemu," nilimkumbusha kwa adabu.

"Ndiyo. Kwa wasioweza kuandika kuna nafasi ya dole gumba."

Bi. Nyamizi aliisukuma fomu ile kando. "Mwanangu alikuwa karani," alisema. "Hamtampaka wino kidoleni."

Mkuu wa Wilaya aliirudisha fomu drooni. Alisema Serikali haiwezi kumwacha raia wake azikwe bila kusimangwa, na kwa kuwa desturi inataka watani, watani wataletwa. Aliandika barua palepale. Bi. Nyamizi alimshukuru, kwa sababu amelelewa vizuri.

*

Alizikwa siku ya Ijumaa, ambayo ilikuwa ya Wamodi. Waroka wote walikuja pia, na kwa huruma ya pekee waliruhusiwa kusimama upande wa pili wa makaburi, hatua mia moja na tano. Walivaa majaketi yao saa tisa mchana, zipu hadi kooni.

Watani wa Serikali walikuwa watatu, kutoka Idara ya Utamaduni. Kiongozi wao, Bwana Kiyeyeu, alikuwa na tai nyeusi na karatasi yenye mihuri miwili. Alikohoa, akasoma.

"Mzaha wa kwanza. Marehemu, kama binadamu wengine, alikuwa na mapungufu. Hapa waombolezaji watacheka."

Tulimtazama. Aligundua kwamba amesoma na maelekezo, akaomba radhi.

"Mzaha wa pili umefutwa na Wizara. Mzaha wa tatu. Suruali za marehemu zilikuwa za kubana, jambo ambalo Serikali inalichukulia kwa uzito."

Mwenzake wa nyuma alicheka, kwa kuwa ndiyo kazi aliyotumwa. Alicheka peke yake, kisha akaacha. Bwana Kiyeyeu alikunja karatasi. Alimwinamia Bi. Nyamizi akasema kwa sauti ya chini, "Mama, nisamehe. Mimi kwetu ni mtani mzuri. Nimezika watu. Karatasi hii ndiyo inayonishinda."

"Si kosa lako, baba," Bi. Nyamizi alimjibu. "Kaa, upumzike."

Kisha alinigeukia akanipa mfuko. Ndani palikuwa na suti ya pili ya Lufunga, ya buluu, na fomu. Sheria ilimruhusu mtu kuhama kundi kwa hiari, mradi avae nguo za kundi analohamia na kutia saini mbele ya askari. Nilizivuka zile hatua mia moja na tano, mimi sina kundi, nikampelekea Sadala.

Koplo Mnubi alimsomea masharti polepole, ili asije akasema hakuambiwa. "Ukitia saini wewe ni Modi. Unaweza kwenda pale. Lakini Modi hamtanii Modi. Unakwenda kama ndugu. Ukimsimanga, nakukamata."

"Nikibaki Roka?"

"Simanga upendavyo. Kutoka hapa."

Sadala alitazama upande wa kaburi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kule kuja kwetu. Hakuna neno ambalo lingefika. Alitia saini juu ya mgongo wa Koplo, maana meza haikuwepo. Alivua jaketi akampa mwenzake, akavaa suti pale nyuma ya mti. Mikono ya koti ilimwishia juu ya vifundo vya mkono na mgongo ulimbana. Wenzake walimtazama akivuka. Siku yoyote nyingine, mkono ule mfupi wa koti ungewatosha kwa mwaka mzima.

Alichukua sepetu kwa mchimbaji wa Serikali, akanyoosha kuta za shimo, akasawazisha chini. Kisha akaingia akalala.

Hiyo ni sehemu ya kazi ya mtani. Kabla maiti haijashushwa, yeye hulijaribu kaburi. Hujinyoosha, husema nyumba ni nzuri, haina kodi, hatoki. Waliofiwa humbembeleza kwa kuku. Yeye humtazama kuku, huuliza kama amepona homa, hudai mwingine, na hapo ndipo hata mama mzazi hushindwa kujizuia. Watu walisogea. Bwana Kiyeyeu alinyanyuka, uso wake umefunguka. Koplo Mnubi alipekua sheria yake ukurasa kwa ukurasa, na hakukuta kifungu kinachomkataza Modi kulala katika kaburi la Modi.

Bi. Nyamizi aliletewa kuku. Alimshika miguu, akasimama ukingoni.

"Haya, toka, baba. Kuku wako huyu."

"Sitoki," Sadala alisema.

Tulisubiri.

"Ni jogoo. Mtazame alivyonona."

Sadala hakumtazama kuku. Alikuwa amelala chali, mikono kifuani, mikono ile mirefu katika koti fupi. "Nilizisikia breki, mama," alisema. "Siku tatu nilizisikia."

"Najua. Alinihadithia mwenyewe. Alisema siku hizo umekuwa hodari kuliko kawaida." Alimwachilia kuku aende, akapiga magoti. "Toka, mwanangu. Wewe zamu yako bado."

"Sitoki."

Ilibidi watu wanne waingie kumtoa. Mmoja wao alikuwa Bwana Kiyeyeu, na tai yake. Tulipomshusha Lufunga, Sadala alikaa chini upande wa ndugu, mahali sheria ilipompa, akalia kama ndugu wanavyolia. Sepetu zilishikwa na watu wa Idara.

Baadaye Koplo Mnubi alikuja na daftari. Taarifa ilihitaji saini ya mfiwa, na alimsomea kwa heshima, kofia mkononi: "Mazishi ya Modi mmoja yamefanyika bila tukio. Hakuna kundi lililolicheka jingine. Hali ni shwari."

Bi. Nyamizi aliomba asomewe tena ile sentensi ya katikati. Alisomewa.

"Hilo ni kweli, baba," alisema, na akachukua kalamu.